Redio ya pikapu inaimba mu mufuko: tufanye nini?

Wengi kati yenu munapanda pikapu kila juma. Yuko mwenye kupeleka makala na unga, yuko shofere wa kampuni, na yuko ule anayekaa nyuma juu ya mifuko, vumbi mu macho. Karibu kila pikapu iko na redio, na karibu kila redio iko na ugonjwa moja: ukiipandisha inakwaruza, ukiishusha husikii kitu juu ya injini. Vijana wanasema: «Bafle za kiwandani ni za bule, tununue kubwa.» Wazee wanasema: «Muache makelele.» Mimi nilijikuta kati ya hawa wawili. Basi ninapenda kuwaelezea vile tulifanya kwetu, tangu visi ya kwanza, na vile tulikosa pia.

Pikapu yetu ni ya kabini moja, ya mwaka 2008. Inatembea Likasi na Lubumbashi, kilometa karibu 120, mara mbili ao tatu kwa juma. Papa yangu anapenda kunisindikiza. Alifanya kazi miaka 22 chini ya udongo, na mashine ya kutoboa mwamba mukononi. Leo yuko na miaka 74, na kukaa nyumbani kunamuchosha. Anakaa kuume kwangu, kofia juu ya magoti, na anaomba kitu kimoja tu: tuweke ile kle yenye nyimbo za kwaya ya zamani. Mu wimbo wa tatu mama yangu anaimba peke yake, beti mbili. Mama aliaga dunia mwaka 2011. Sauti yake ilikuwa mu kaseti, na mutoto wangu njo aliipitisha mu kle.

«Zidisha,» Papa anasema. Ninazidisha. «Zidisha tena.» Hapo bafle ya mulango wake inaanza kukwaruza sawa kuku anayechimba. «Mwana, hii redio yako inaimba mu mufuko. Mama yako namusikia, lakini sisikie anasema nini.»

Mutoto wangu wa kwanza yuko na miaka 17, na yeye alikuwa na dawa tayari. Alikuwa amekwisha kuuliza bei mu muji: ampli moja, kesoni ya besi, bafle mbili zilizoandikwa wati 1000. Dola 180 yote pamoja. «Papa, tukiweka hii, Kambo atasikia mpaka maneno ya moyoni.» Feza ile ilikuwako, lakini ilikuwa feza ya minervali yake na ya dada zake wawili. Bibi yangu aliniangalia tu, hakusema kitu. Nikamwambia kijana: kwanza tufungue mulango, tuone mugonjwa mbele ya kununua dawa.

Mulango ulikuwa na siri

Kazi ya kufungua mulango si ngumu, lakini haitaki nguvu. Visi ziko nyuma ya mukono wa kufungia, na saa ingine zinafichwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Kama kioo chako kinashushwa na manivele, ile manivele inashikwa na chuma kidogo kama herufi U. Pitisha kitambaa nyuma yake, vuta kulia na kushoto, chuma kitaruka. Mutoto mudogo asimame pale kukiangalia, juu kikianguka mu majani hutakiona tena. Kisha ubao wa mulango unashikwa na vifungo vya plastiki pembeni. Ingiza kisu butu karibu sana na kila kifungo, uvute kimoja kimoja. Mwenye kuvuta ubao muzima kwa hasira anavunja vifungo vyote, na tangu siku ile mulango wake utalia kila pa shimo la barabara.

Tulikuta nini? Karatasi ya bafle ya kuume ilipasuka nusu ya muzunguko. Katikati, pale bobini inapoingia mu sumaku, vumbi jekundu lilijaa. Ile plastiki ambayo kiwanda kinabandika kati ya chuma na ubao ilikuwa imepasuliwa: fundi moja aliyetengeneza kioo zamani aliivuta, akaiacha ikining'inia. Basi kila mwaka, mvua inapoanza, maji yalikuwa yanashuka juu ya karatasi. Ninyi munajua karatasi na maji.

Upande wa kushoto bafle ilikuwa nzima. Lakini ukifungua na kufunga mulango, sauti ilikatika na kurudi. Waya ilikuwa imekatika ndani ya ule mupira unaopita pa bawaba, pale inapokunjwa kila siku. Waya moja ya bei ya mukate! Kama tungelinunua ampli ya kijana, tungeliiunga ku waya iliyokatika na ku karatasi iliyooza.

Bafle ni kitu gani?

Vijana wengi wanajua bei ya bafle kuliko kazi yake. Bafle ni sumaku moja, bobini moja ya waya nyembamba, na karatasi ao plastiki iliyokunjwa kama mbinu. Umeme wa muziki unapita mu bobini, sumaku inaisukuma na kuivuta, karatasi inasukuma hewa. Ni yote. Kwa sauti nene, karatasi inatembea polepole na mbali; kwa sauti nyembamba, inapaswa kutikisika maelfu ya mara kwa segonde. Karatasi kubwa ni nzito, haiwezi mbio ile. Kwa sababu hii bafle nzuri iko na kadogo kengine, twita, kwa kazi ya sauti nyembamba peke yake.

Kiwanda cha gari kinatafuta bei ndogo na uzito mudogo. Kwa pikapu ya kazi kinaweka karatasi nyembamba, sumaku ndogo, fremu ya plastiki, na mara nyingi hakiweki twita. Si kusema ni wezi. Kwa kusikia habari ya redio mu barabara nzuri, inatosha. Lakini miaka kumi na tano ya vumbi na mashimo, hapana.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Karatasi inaposukuma hewa mbele, inavuta hewa nyuma. Hewa ya nyuma ikipata tundu la kupita, inakuja kukutana na ile ya mbele, na zote mbili zinauana. Sauti nene inapotea. Mulango wa gari uko na matundu makubwa ndani, ya mukono wa fundi. Plastiki ikipasuka, besi inakufa, na mwenye gari anasema bafle haina nguvu. Angalia ngoma yenye ngozi nzuri lakini ubao umepasuka: utaipiga mpaka mikono ivimbe.

Wati 1000 za uongo

Tulienda kununua Lubumbashi. Muuzaji wa kwanza alitutolea bafle yenye kuandikwa wati 1000 na rangi ya dhahabu. Niliishika mukononi: nyepesi kama sanduku ya kiberiti. Nikamuuliza kijana hesabu moja tuliyoifanya usiku. Redio ya gari inakula volti 14,4 injini ikitembea. Bila ampli nyingine, redio ile haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 kwa bafle moja ya omu 4, hata ufanye nini. Na kwa kweli inatoa kama 18 ao 20. Zile «50 kwa 4» zinazoandikwa usoni ni za segonde moja tu, sauti ikiwa imekwisha kuharibika. Basi wati 1000 tutazilisha na nini?

Musomaji, ukienda kununua usiangalie namba kubwa. Tafuta neno RMS. Njo ile nguvu ambayo bafle inavumilia siku yote. Kisha tafuta namba yenye desibeli, dB. Ile inaonyesha bafle inalia namna gani ukiipa wati moja na ukisimama meta moja. Bafle ya 92 na bafle ya 89, tofauti ni 3 tu, lakini tatu ile ni sawa na kuzidisha nguvu ya redio mara mbili. Kwa mutu asiye na ampli, namba hii inapita zote. Yetu tuliyochukua ilikuwa ya 92, wati 50 za RMS, omu 4, na twita zake mbali, kila moja na waya yake. Dola 45 kisha kubishana sana. Kijana alinuna mpaka Likasi.

Mbele ya kununua, pima. Mu Toyota nyingi mulango wa mbele uko na nafasi ya umbo la yai, ile wanaita 6 kwa 9 juu wanaipima na puse za Waingereza: ni karibu sentimeta 15 kwa 23. Zingine ziko na nafasi ya muviringo ya sentimeta 16 ao 17. Ukitaka kuweka ya muviringo mu nafasi ya yai, fundi wa mbao atakukatia pete ya triplex. Uipake rangi pande zote, hata mu matundu ya visi, ama sivyo mvua itaivimbisha. Na pima kina! Shusha kioo mpaka chini, kisha pima toka chuma mpaka kioo. Rafiki yangu moja alisahau. Alifunga kila kitu vizuri sana, akafurahi, akashusha kioo: paa! Sumaku ilikuwa mu njia yake.

Neno kidogo kwa wenye gari zilizotoka Japani, zile za usukani kuume. Redio zao za zamani zinashika FM toka 76 mpaka 90 tu. Kwetu stesheni ziko mpaka 108. Mwenye gari anazunguka, anasikia shshsh, na anasema bafle zimekufa. Bafle hazina kosa. Kuna kifaa kidogo kinachoungwa ku waya ya anteni. Ama ubadilishe redio.

Namna tulifunga

Tuliosha mulango ndani kwa burashi na petroli kidogo, tukaacha ukauke. Juu ya chuma tulibandika vipande vya mupira mzito wenye karatasi ya alumini, ule mafundi wanaweka ili chuma kisitetemeke. Matundu makubwa tuliyaziba na mupira ule ule, kisha tukabandika plastiki mpya juu yake. Watu wengine wanatumia gudroni ya barabara. Musifanye vile! Mwezi wa kumi, jua linapokuwa kali, gudroni inayeyuka, inashuka mu kioo, na harufu yake inaumiza kichwa cha watoto. Na matundu madogo ya chini kabisa ya mulango musiyazibe hata siku moja. Maji ya mvua yanaingia mu mulango kila mara, pembeni ya kioo, yanapaswa kutoka. Mulango usio na tundu la chini unaoza kama ndoo.

Kisha waya. Tulivuta waya mpya toka redio mpaka mulangoni, ndani ya ule mupira wa bawaba, tukaisude. Kufunga kwa skochi peke yake si kazi. Fundi wa zamani anaweza kukwambia: «Unga moja ku bafle, ile ingine ku chuma ya gari.» Ilikuwa kweli kwa redio za zamani sana. Redio za leo zinasukuma umeme mu waya zote mbili za bafle. Ukiunga moja ku chuma, unaichoma redio. Na usiunge bafle mbili mu njia moja ya redio, ukifikiri utapata sauti mara mbili. Omu 4 na omu 4 pembeni pembeni inakuwa omu 2, redio inapata moto mpaka inazimika.

Twita hailishwi sauti nene. Mu waya yake kuna kondansatere ndogo inayozuia besi. Kijana alitaka kuikata juu aliona «inapunguza nguvu». Twita ingekufa wimbo wa kwanza.

Jambo la mwisho ni plus na minus. Kama bafle moja imeungwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea katikati ya kabini. Namna ya kujua ni ya bule: twaa batri moja ndogo ya tochi, ya volti 1,5, na uguse waya mbili za bafle kidogo tu. Karatasi ikiruka inje, waya iliyo ku plus ya batri njo plus ya bafle. Ikiingia ndani, ni kinyume. Binti yangu wa miaka 11 alifanya kazi hii kwa zote mbili, akaandika alama kwa rangi ya kucha ya mama yake.

Na ampli?

Kijana hakuacha. «Papa, sasa bafle ni nzuri, tuongeze paka ampli ndogo.» Ninawaambia yale nilimwambia, maana niliona kwa macho yangu pikapu ya jirani ikitoa moshi chini ya dashibodi, kwenye parking, mwenyewe akinywa chai.

Ampli ya wati 200 za kweli inakula karibu wati 400 ikipigwa sana, maana nusu inageuka joto. Ugawanye kwa volti 13,8: ni ampere 29. Taa mbili za mbele za wati 55 zinakula ampere 8 tu. Kwa hiyo ampli haiungwi nyuma ya redio, wala ku waya ya taa. Inataka waya yake nene, ya milimeta mraba 10, inayotoka ku batri yenyewe. Na fizible ya ampere 30 inakaa karibu sana na batri, kiganja kimoja ao viwili, si kule mwisho. Watu wanaweka fizible pembeni ya ampli ili ionekane. Lakini waya ikisuguliwa na chuma katikati ya njia, ile fizible ya mwisho haitajua kitu. Waya itawaka mpaka batri iishe. Jirani alikuwa amefanya vile. Tulizima na mchanga.

Wenye lori za volti 24 wajue tena: usitwae umeme wa redio ku batri moja kati ya mbili. Moja itachoka, nyingine itachemka, na zote zitakufa mbele ya wakati. Kuna konvertisere ya kutoa 24 mpaka 12. Na dizeli inataka batri yenye nguvu kwa kuwaka: mwenye kupiga muziki wa nguvu usiku, injini ikiwa imezimwa, asubui atatafuta watu wa kusukuma.

Ampli hatukununua. Minervali ililipwa siku ile ile, bibi yangu akakunja risiti, akaiweka mu kitambaa chake.

Safari ya kwanza

Kesho yake tulitoka Likasi saa kumi na mbili. Niliweka kle. Wapenzi wasomaji, nilishangaa! Sauti za wanaume wa kwaya, ambazo sikujua kama ziko mule, zilitoka chini kama ngoma iliyofunikwa. Nilisikia mutu akikohoa mu kanisa, miaka ile. Hakuna kukwaruza. Mama alianza beti yake, na mimi nilinyamaza.

Papa aliinamisha kichwa. «Zidisha.» Nilizidisha. «Zidisha, mwana.» Kijana, aliyekaa katikati yetu, alifunika masikio. Na Papa akasema: «Ni muzuri. Lakini bado iko mu mufuko.»

Sitaficha: nilikasirika. Dola 45, siku mbili za kazi, mikono yote na majeraha, na bado mufuko! Nilifikiri ni vile wazee wanafanya. Kijana njo aliyeona. Alisema twita tuliziweka chini mulangoni, zinaimbia magoti. Sauti nyembamba inatembea moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na suruali inaimeza. Tulisimama, akazitoa, akazifunga na skochi juu ya dashibodi, pembeni kabisa, zikiangalia uso. Kwangu mimi ilikuwa kama mutu amefungua dirisha. Kwa Papa, kidogo tu.

Mangaribi, nyumbani, kijana alisimama nyuma ya Kambo yake na kusema polepole: «Taa.» Papa akajibu: «Saa? Sijui ni saa ngapi.» Akasema: «Shamba.» Papa: «Kamba gani?» Binti zangu walicheka. Kijana hakucheka. Alinifuata inje, akaniambia: «Papa, si bafle. Ni masikio ya Kambo.»

Twita ya ndani ya kichwa

Tulimupeleka Papa kwa munganga wa masikio Lubumbashi. Walimuweka mu chumba kidogo, na kofia ya redio kichwani, wakamwambia ainue mukono akisikia. Kisha munganga alituonyesha karatasi yenye mustari. Kwa sauti nene mustari ulienda vizuri. Kwa sauti nyembamba, pale pa mitikisiko 4000 kwa segonde, ulianguka kama ukingo wa shimo la mine. Aliuliza swali moja tu: «Muzee, ulifanya kazi na mashine gani?»

Ndani ya sikio kuna nywele ndogo sana zinazopokea sauti. Makelele makubwa yanazivunja, na zile za sauti nyembamba, karibu na 4000, njo za kwanza. Hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Na herufi kama s, sh, f, t na k ziko katika sauti ile ya juu. A, e, o ziko chini. Kwa hiyo Papa anasikia kama mutu anasema, lakini hasikii anasema nini. Ukimpigia kelele, unaongeza a na o tu. Ndiyo maana alisema mufuko. Miaka yote ile tulifikiri ni kiburi ya wazee, tukamwambia: «Papa, husikilizi!»

Mashine ya kutoboa mwamba chini ya udongo inapita desibeli 110. Kipimo ambacho waganga wengi wanafuata ni 85 kwa saa nane. Kila ukipanda 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, na 100 ni dakika 15. Fikirini sasa kabini ndogo ya pikapu, vioo vimefungwa, kesoni ya besi nyuma ya kiti, na safari ya saa mbili. Kijana alifanya hesabu hii mwenyewe ku ukingo wa daftari. Zile picha za kesoni alizobandika juu ya kitanda bado ziko, sikumuambia azitoe.

Munganga alisema kifaa cha masikio kingesaidia Papa. Bei yake inapita mbali ya ampli. Tumeanza kuweka feza, nusu safari kwa nusu safari. Ndugu zangu wa Kolwezi wameahidi sehemu yao.

Lakini munganga alisema tena kitu ambacho kijana alikishika haraka: nywele zile hazikufa zote, na sikio la kushoto la Papa ni bora kuliko la kuume. Turudi ku redio basi. Karibu kila redio iko na kifungo cha besi, cha sauti nyembamba, na cha kugawa kushoto na kuume. Kijana alishusha besi, akapandisha nyembamba mpaka 5, akageuza twita ya upande wangu iangalie sikio la kushoto la Kambo. Sauti yenyewe hakuizidisha. Kwangu mimi ilikuwa kali kidogo, kama limao.

Siku ya nne tulipita daraja, wimbo wa tatu ukaanza. Papa aliinama, akainua kidole.

«Asubui,» akasema. «Amesema asubui.»

Nilirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Beti ya pili hakuipata yote, alipata maneno matatu ao mane, na yale mengine alijaza yeye mwenyewe, polepole, juu alikuwa anayajua tangu zamani.

Pembeni ya kifungo cha redio kijana alibandika kipande cha skochi, akaandika: «KAMBO: 14.» Hakuna anayepita pale, hata yeye.